Kabla hujawasha pasi ya risasi: kwa fundi mpya wa pinboli za zamani

Kama umetokea kwenye redio na TV kama mimi, macho yako yatakimbilia bodi. Unafungua sanduku la juu, unaona chipu zimejipanga, moyoni unasema ugonjwa uko hapa. Mara nyingi haupo.

Nazungumzia mashine za pinboli, ule mchezo wa kupiga gololi ndani ya meza yenye kioo, zilizotoka Chicago kuanzia 1977, pale kampuni za Bally, Williams na Gottlieb zilipoanza kuachana na relei nyingi (swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme) na magurudumu ya namba, zikaingiza kompyuta. Zilichobadilisha ni akili. Mwili ulibaki uleule: koili (waya uliosukwa unaogeuka sumaku ukipitisha umeme), springi na swichi za vijibati. Eight Ball ya Bally, ya 1977, ilitoka zaidi ya mashine 20,000, kwa hiyo usishangae ukikutana nayo kila mara.

Tuanze na flipa, kile kijimkono kinachopiga gololi. Wengi hudhani ukibonyeza kitufe unaiambia kompyuta, nayo inainua flipa. Sivyo. Kwenye mashine hizi kompyuta hufunga relei moja tu mchezo unapoanza. Baada ya hapo umeme wa koili unapita kwenye swichi ya kitufe chenyewe, palepale kwenye kidole cha mchezaji. Koili imesukwa waya wa aina mbili: mnene wa kuirusha gololi ya gramu 80, na mwembamba wa kuishikilia flipa tu isishuke. Flipa ikifika juu inasukuma kiswichi kinachoachia, na umeme unalazimika kupita waya zote mbili. Kiswichi kikichafuka, flipa inaipapasa gololi badala ya kuipiga. Kisipoachia, koili inaungua, na harufu utaisikia kabla ya moshi. Nimeona vijana wakibadilisha koili mara tatu, wanalaani koili feki, na kiswichi hawajakigusa.

Ncha za kiswichi hicho, na za kitufe, ni tangisteni. Pitisha tupa bila hofu. Lakini swichi zinazosomwa na kompyuta zinabeba volti ndogo mno na ncha zake zimepakwa dhahabu. Hizo tupa ni marufuku. Chomeka kadi ya jina katikati, zibane kwa kidole, vuta taratibu. Imetosha. Mimi nilizisugua kwa tupa zote za uwanja, yaani ubao gololi inapochezea, siku yangu ya kwanza, nikasifiwa kwa bidii, na baada ya majuma mawili mashine ikarudi haihesabu pointi.

Sasa bodi, maana najua bado unaitaka. Bodi ya Bally ina taa ndogo nyekundu. Ukiwasha, inapepesa kidogo, halafu inatoa mweko mara saba. Kila mweko ni jaribio lililofaulu: programu, kumbukumbu ya kwanza, ya pili, chipu mbili za mawasiliano, kisha mapigo ya kuendesha namba. Wa saba unathibitisha kwamba umeme wa koili, volti 43, umefika. Niliwahi kupata mashine inayoishia mweko wa sita. Nikang'oa chipu, nikaweka mpya, nikang'oa nyingine, siku mbili nzima. Mzee wa karakana akaja na kikombe chake cha kahawa, akapima fyuzi ya koili, akaniwekea ile iliyokatika mkononi na kwenda zake. Bodi ilikuwa nzima tangu mwanzo, isipokuwa pale nilipoichoma mimi.

Kitu kimoja kwenye bodi hiyo kitazame kabla ya vyote: betri ya nikeli-kadimi ya volti 3.6. Ikizeeka inavuja, inaacha unga wa kijani na kula njia za shaba. Ikate. Sugua palipoliwa kwa siki, suuza kwa maji, kausha kwa spiriti, na betri mpya usiirudishe pale. Iweke mbali, kwa waya. Na vioo vya namba, vile vinavyoonyesha pointi, vinatumia volti kama 190, hivyo pete na saa vua.

Ukimaliza, acha kifuniko wazi na ucheze michezo mitatu kamili. Mwenye karakana akikuuliza mbona unacheza saa za kazi, mwambie koili hazijapata moto. Hitilafu za viungio vilivyolegea hupenda kujificha hadi gololi ya pili au ya tatu, na ni afadhali zikukute wewe kuliko mteja.