Unyayo wa Kuku Ukutani mwa Kanisa

SWALI: Shikamoo mzee. Kila asubuhi nikimpeleka mwanangu shule hapa Leicester, Uingereza, tunapita kanisa la zamani la mawe. Kwenye kona yake, usawa wa goti, pamechongwa mstari wa kulala, na chini yake mistari mitatu iliyokutana juu kama unyayo wa kuku. Jirani anasema ni alama ya wafungwa. Salma naye ameona nyingine darajani, na sasa kila ukuta lazima tusimame. Ni nini hasa? (Mama Salma)

JIBU: Marahaba, Mama Salma. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Miaka thelathini nimeshika fito ya kupimia vimo kwenye barabara za Tanga na Morogoro, na alama za namna hiyo ndizo zilizosomesha wanangu.

Jirani yako hajapotea sana. Huo unyayo wa kuku ni mshale, chapa ya mali ya serikali ya Uingereza, na zamani ulipigwa hadi kwenye nguo za wafungwa. Lakini ukiuona umebeba mstari wa kulala, hiyo ni benchimaki, alama ya kimo kutoka usawa wa bahari, iliyochongwa na wapimaji wa Ordnance Survey, wachora ramani wa nchi hiyo. Kazi yote iko kwenye mstari; mshale unauonyesha tu. Mpimaji alichomeka kipande cha chuma kwenye mfereji ule, akasimamisha fito juu yake.

Sasa bahari iko wapi na Leicester iko wapi? Hapo ndipo penye utamu. Kule Newlyn, bandari ya wavuvi huko Cornwall, walipima maji yakijaa na kupwa tangu Mei 1915 hadi Aprili 1921, wakapata wastani. Pale bandarini kuna boliti ya shaba iliyo mita 4.751 juu ya wastani huo. Kutoka hapo kimo kilisafiri kwa miguu. Leveli, darubini ya kupimia usawa, inasimama katikati, mwenye fito mmoja nyuma, mwingine mbele. Unasoma ya nyuma, unasoma ya mbele, unatoa. Jibu ndilo ulichopanda au kushuka. Kisha wa nyuma anapita mbele, leveli inahama, mnaanza tena. Hivyo hivyo, kituo kwa kituo, mpaka ukuta wa kanisa lenu ukaijua bahari. Alama hizo zilifika kama 500,000 nchi nzima. Nyingine zina umri mkubwa kuliko boliti ya Newlyn, za enzi walipohesabu kutoka Liverpool, ndiyo maana alama moja yaweza kuwa na namba mbili kwenye ramani mbili.

Walipenda makanisa, madaraja na mawe ya maili kwa kuwa hayahami. Ukichagua vibaya, utalia. Sisi tuliwahi kuacha alama kwenye kingo za daraja dogo. Mkandarasi akaja kupanua barabara, akalivunja bila kuuliza mtu. Tulirudi nyuma kilomita kumi na mbili kuanza upya, siku tatu, mvua ya masika mgongoni. Hadi leo linaniuma. Kwa hiyo nikisikia moja imesimama miaka yote hiyo na mtoto ameiona, nafarijika mno.

Siku hizi vimo hupimwa kwa setilaiti, na Ordnance Survey hawazitunzi tena alama hizo. Usijengee nyumba kwa namba yake. Ardhi hutitia, hasa palipochimbwa makaa ya mawe.

Mkitaka kutafuta zaidi, pateni ramani ya zamani ya mtaa wenu, mtazame herufi B.M. na namba pembeni. Aghalabu ni futi. Nendeni jua likiwa limelala, asubuhi au jioni, kivuli kijae mferejini. Angalieni chini, maana barabara hupandishwa na alama ikafukiwa nusu. Ukungu wa kijani msiukwangue kwa kisu, jiwe laini huondoka nao.

Ipo pia aina ya bamba la chuma, limepachikwa ukutani, lina mshale na namba. Salma akilipata, aninukulie namba hiyo, na kama ina herufi mbele yake asiiache.