Chuo kinafundisha kuwasha taa, kupima bado

Swali lenu la wiki lilikuwa: je, chuo kinamwandaa mwanafunzi ipasavyo kwa kazi atakayoifanya? Nitajibu kwa upande wa ufundi umeme wa majumbani, maana huko pengo la chuo likiachwa wazi, nyumba ya mtu inaungua. Kinamwandaa nusu.

Nusu hiyo tusiibeze. Kijana aliyemaliza VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, anajua kufunga taa moja kwa swichi mbili, anajua rangi za waya, anajua taa ni waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi ni 2.5. Lakini mengi ameyafanya juu ya ubao wa mazoezi, kwa waya wa mita mbili tatu, na alama zinatolewa taa ikiwaka. Taa kuwaka hakuthibitishi usalama. Itawaka hata kama ethi, waya wa ardhini wa kinga, haijafika kwenye soketi. Itawaka hata swichi ikiwa inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaouleta). Siku ya kubadilisha balbu mwenye nyumba atazima swichi, atapanda ngazi, na bado atapigwa na umeme.

Kinachokosekana ni upimaji. Kabla ya kuwasha, fundi ahakikishe kwa multimita kwamba ethi imeungana kutoka meni swichi hadi soketi ya mwisho. Kisha achomoe balbu na vifaa vyote, kwa sababu vitapotosha kipimo au vitaharibika, apime kwa mega ya volti 500, kifaa cha kupima kama umeme unavuja kati ya nyaya, kati ya laivu na nyutro, halafu kati ya hizo na ethi. Kipimo kikishuka chini ya megaohm 1, asiwashe. Atafute msumari uliotoboa bomba la nyaya, maji yaliyobaki ndani yake, au waya uliochubuka wakati wa kuvutwa. Umeme ukishaingia, abonyeze kitufe cha majaribio cha RCD ya miliampia 30, kifaa kinachokata umeme ukivuja, akijua kwamba kitufe hicho kinapima kifaa chenyewe tu, hakipimi ethi. RCD ikikata kila soketi inapotumika, mara nyingi nyutro ya sakiti moja imefungwa kwenye njia ya sakiti nyingine. Asiyewahi kuliona kosa hilo chuoni hununua RCD mpya, au huiruka kabisa, na hapo ameondoa kinga ya familia nzima.

Hesabu nazo zinaishia kwenye karatasi ya mtihani. Hita ya bafuni ya wati 5,500 kwa volti 230 inavuta ampia 24 hivi. Ikiungwa kwenye waya wa soketi wa 2.5, breka ya ampia 20 itazidiwa na huenda ikawa inakata. Fundi asiye na uzoefu anaweka breka ya 32, haikati tena, na waya unachemka ndani ya ukuta kimya kimya. Hita hiyo ilihitaji waya wake peke yake wa milimita za mraba 6, toka kwenye breka mpaka bafuni.

Makadirio ya vifaa ndiyo yanayowamaliza wengi kimaisha. Mwanafunzi hupima ramani kwa ulalo na kusahau mteremko wa ukutani. Dari likiwa mita 3 na soketi sentimita 40 toka chini, kila soketi inataka mita 2.6 za kushuka, mara nyaya tatu. Soketi 12 zimeshakula zaidi ya mita 90 ambazo hakuzipigia bei, na fedha hiyo inatoka kwenye ufundi wake.

Field, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ingeziba pengo hili, ila wiki nyingi mwanafunzi hutindua ukuta na kubeba mabomba, kitabu chake kikasainiwa siku ya mwisho. Uanagenzi pacha, ambapo anapokezana chuo na kampuni, una nafasi nzuri zaidi, mradi kampuni imkabidhi mega mkononi. Na kabla hajaondoka aelezwe madaraja ya leseni za ufundi umeme za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, asije akafanya kazi miaka yote chini ya mhuri wa mtu mwingine.

Ningeanza kwa kubadilisha mtihani wa mwisho. Mwanafunzi aingizwe kwenye chumba kilichokwisha kufungwa umeme, chenye hitilafu mbili zilizofichwa, apewe mega, multimita na saa mbili, kisha aandike alichokikuta, sababu yake, na gharama ya kukirekebisha.