Relei inakata laini bila hitilafu: tupandishe setingi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tumefunga relei mpya ya umbali (kifaa kinachopima hitilafu iko umbali gani na kuamuru laini ikatwe) kwenye laini ya kilovolti 132. Transfoma za mkondo ni 400/1, yaani ampea 400 za laini hufika kwenye relei kama ampea 1. Mzigo ulipofika ampea 200, kinga ya hitilafu ya ardhi ilikata laini, na tulipokagua hatukuona hitilafu yoyote. Skrini ilionyesha ampea 0.5 kila fezi na 1.0 kwenye nyutro, waya unaobeba jumla ya mikondo ya fezi tatu. Mwenzangu anataka tupandishe setingi, yaani mkondo wa nyutro unaofanya relei ikate, kutoka ampea 0.2 hadi 1.2. Nimkubalie?

JIBU: Marahaba, fundi. Usimkubalie hata kidogo. Kwa setingi ya 1.2, mzigo ukigusa ampea 240 laini itakatika tena. Baya zaidi, waya ukianguka kwenye mchanga mkavu, mkondo wake mdogo relei haitauona, na watu watapita karibu na waya wenye umeme.

Namba ulizoleta zinatosha kuonyesha kasoro. Mzigo ukiwa na uwiano, yaani sawa kwenye kila fezi, mikondo ya fezi tatu ikijumlishwa hupatikana sifuri. Nyaya za transfoma ya mkondo ya fezi moja zikigeuzwa, nyutro hubeba mkondo wa fezi mara mbili, ndiyo maana 0.5 imezaa 1.0. Fungua ukurasa wa pembe kwenye relei. Fezi nyekundu ikiwa digrii 0, njano iwe -120 na bluu 120. Ukikuta njano inasoma 60, yaani mishale yote mitatu imebanana upande mmoja, S1 na S2 za njano (ncha mbili za sekondari, upande wa transfoma unaokwenda kwenye relei) zimebadilishana.

Zimeni laini, itieni ardhi, ndipo mrekebishe. Msifungue waya wa sekondari wakati praimari (upande wa laini) ina mkondo, kwa sababu volti inayozuka hapo inaua. Kisha thibitisheni kila fezi kwa betri ya volti 9 na mita ya sindano: chanya ya betri kwenye P1, ncha ya kwanza ya praimari, chanya ya mita kwenye S1. Betri inapogusa, sindano iruke kulia. Nyutro ya sekondari itiwe ardhi mahali pamoja tu.

Hapo nyutro itasoma karibu sifuri, lakini kazi bado. Fezi zote tatu zikigeuka kwa pamoja, nyutro inakaa kimya vilevile, na relei inatazama nyuma: hitilafu ya basba (pau za kituo zinazogawa umeme kwa laini) itaikatia laini, ya laini yenyewe itaiacha. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko hilo lililowapata, maana halijitangazi mpaka siku ya ajali.

Kama P1 iko upande wa basba na S2 zote zimeunganishwa pamoja, nyota yenu, yaani mahali ncha hizo zinapokutana, inaelekea kwenye laini, na setingi ya relei iseme hivyo hivyo. Halafu muulizeni mwongozaji wa gridi umeme unaelekea wapi. Ukitoka basba kwenda kwenye laini, relei nyingi huonyesha megawati chanya. Msipime mzigo ukiwa mdogo, kwa sababu mkondo wa kuchaji laini, ule laini inaouvuta yenyewe hata bila mzigo, utawapotosha pembe. Subirini mzigo uongezeke.