Jina la kuchekesha na ngao yake kwenye SCA
Je, unaweza kujisajili kwa jina la kuchekesha kwenye SCA, chama cha watu wanaoigiza maisha ya kale, hasa ya Ulaya, kabla ya karne ya 17? Ndiyo, hukubaliwa, mradi ucheshi uwe wa enzi hizo. Waingereza wa zamani walikuwa na majina kama Drinkwater (kunywa maji), Wagstaff (tikisa fimbo) na Shakespeare (tikisa mkuki): kitendo, kisha kitu. Tunga kwa mtindo huo, tanguliza jina la kawaida kama Thomas au Alice, na uwe na ushahidi wa maandishi ya zamani. Utani wa filamu au bidhaa za leo hukwama, kwa sababu unawatoa wenzako kwenye igizo.

Ngao, yaani mchoro wa kukutambulisha, ndiyo inayobeba utani vizuri zaidi: chora maana ya jina lenyewe. Ile ya akina Shakespeare ya 1596 ni mkuki wa dhahabu wenye ncha ya fedha, juu ya ukanda mweusi wa mshazari, na nyuma yake rangi ya dhahabu. Hesabu rangi na aina za michoro: rangi tatu, michoro miwili (ukanda na mkuki), jumla tano. SCA huanza kukataa ikizidi nane.

Wengi huharibu kwenye rangi. Chura wa kijani juu ya bluu haonekani kabisa! Njano (dhahabu) au nyeupe (fedha) ikae juu ya nyekundu, bluu, nyeusi, kijani au zambarau, ama kinyume chake. Ibandike ngao yako ukutani, rudi nyuma hatua ishirini uitazame.