Karatasi ya shairi, kipeperushi na bango

SWALI: Mwalimu, natafsiri maelezo ya maonyesho ya mashairi ya Marekani. Kila shairi limechapwa peke yake kwenye karatasi moja, upande mmoja tu. Wamarekani huita kitu hicho broadside. Mwenzangu mmoja ameandika "kipeperushi cha shairi", mwingine "bango la shairi", nami niliandika "shairi la ukurasa mmoja". Lipi linafaa? Na niseme "zilichapwa" au "zilichapishwa"?

JIBU: Tumia karatasi ya shairi. Mara ya kwanza ieleze kwa ukamilifu, "karatasi moja iliyochapwa shairi upande mmoja", kisha endelea na jina hilo fupi. Hayo mengine matatu yana kasoro, na kasoro ya kila moja ni ya namna yake.

Ulilochagua wewe linakosea hesabu. Karatasi moja ina kurasa mbili, ya mbele na ya nyuma. Shairi fupi katikati ya kitabu cha kurasa 200 nalo ni shairi la ukurasa mmoja, lakini halijawahi kusimama peke yake. Katika maelezo ya vitu vya maonyesho andika: karatasi 1, nyuma tupu. Maneno hayo manne yanamwambia mkutubi kila anachohitaji.

Kipeperushi ni kitu cha kugawa bure barabarani au mlangoni mwa ukumbi. Aghalabu hukunjwa na kuchapwa pande zote, na kazi yake ikiisha hutupwa. Karatasi ya shairi iliuzwa, tangu enzi za wachuuzi wa nyimbo. Bango nalo hupimwa kwa umbali: mtu alisome akiwa ng'ambo ya barabara. Shairi kwenye karatasi hizi aghalabu hupangwa kwa herufi za pointi 12 hadi 18, na pointi 72 ni inchi moja, kwa hiyo hata mwili wa herufi ya pointi 18 ni robo ya inchi tu. Huo ni usomaji wa karibu, karatasi ikiwa imeshikwa mkononi au imetundikwa usawa wa macho. Ipo inayolikaribia bango: ile ya 1966 ya shairi maarufu la Gwendolyn Brooks kuhusu vijana wa mchezo wa pool, yenye herufi nyeupe juu ya weusi, kama zilizoandikwa ukutani kwa mkono. Hata hiyo ningeiita karatasi ya shairi, kisha nieleze sura yake.

Kwa nini upande mmoja? Mfasiri akijua sababu hatachezea maneno. Katika matbaa ya mkono karatasi ilinyunyiziwa maji kwanza ili ipokee wino vizuri, na kila upande ulidai mvuto wake wa mashine. Kuchapa nyuma ni kuongeza kazi maradufu na kuhatarisha herufi za nyuma kujitokeza mbele. Upande mmoja ulimaliza kazi hapo hapo, bila kukunja wala kushona. Ndiyo maana habari za haraka zilitoka hivyo. Tangazo la Uhuru wa Marekani lilichapwa na John Dunlap mjini Philadelphia usiku wa tarehe 4 Julai 1776, nakala zinazokadiriwa kuwa 200, na zinazojulikana kubaki ni 26. Hilo si shairi, lakini mashairi ya msiba yalipita njia ile ile.

Na hapa ndipo hitaji la jina mahususi linapoonekana wazi. Mhubiri George Whitefield alipofariki mwaka 1770, Phillis Wheatley, binti aliyetekwa Afrika Magharibi na kufikishwa Boston akiwa mtumwa mwaka 1761, alimtungia shairi la maombolezo. Shairi hilo lilitoka kama karatasi na pia kama kijitabu. Ukiandika "chapisho la Wheatley la 1770", msomaji hatajua ni kipi kati ya hivyo viwili kilicho mbele yake. Andika "karatasi ya shairi" kwa kimoja na "kijitabu" kwa kingine.

Angalia pia umoja na wingi wa neno "shairi" katika jina hilo. Isaiah Thomas, mpiga chapa aliyeasisi maktaba ya American Antiquarian Society mjini Worcester mwaka 1812, alikusanya zaidi ya karatasi 300 za nyimbo zilizokuwa zikiuzwa Boston. Baadhi zina nyimbo mbili kwenye karatasi moja. Hiyo ni karatasi ya mashairi, au ya nyimbo, hata kama karatasi yenyewe ni moja. Zikiwa nyingi, kila moja na shairi lake, ni karatasi za shairi. Usiandike "makaratasi": humo mna harufu ya lundo la ofisini. Upatanisho nao ufuate unachokizungumzia: karatasi imechanika, shairi limekamilika. Sentensi kama "shairi limechanika pembeni" hupita midomoni, lakini katika maelezo ya maonyesho ni kosa.

Sasa kuchapa na kuchapisha. Kuchapa, au kupiga chapa, ni kazi ya wino na mashine. Mtendaji ni mchapaji. Kuchapisha ni kusababisha kazi hiyo ifanyike na kuitoa kwa wasomaji. Mtendaji ni mchapishaji. Katika karatasi za zamani mtu mmoja aliweza kuwa yote mawili. Katika zile za karne ya 20 usibahatishe. Dudley Randall, mkutubi na mshairi wa Detroit, alianzisha Broadside Press mwaka 1965: huyo mwite mchapishaji. Karatasi yake ya kwanza ilikuwa shairi lake mwenyewe kuhusu bomu lililoua wasichana wanne kanisani Birmingham mwaka 1963. Mwanamuziki Jerry Moore alikuwa amelitia muziki, na Randall akalichapisha ili kulinda haki yake ya utunzi. Jina la shirika liache lilivyo, usilitafsiri. Mmoja wa washairi aliowatoa ni Don L. Lee, ambaye baadaye alijiita Haki Madhubuti; kwa jina hilo msomaji wako hahitaji maelezo yoyote.

Shairi hilo la Randall linaleta mtego mwingine. Lina beti 8, kila ubeti mishororo 4, na mfasiri mwenye haraka ataandika "tarbia" au hata "utenzi". Idadi ya mishororo haitoshi. Vina vyake viko kwenye mshororo wa pili na wa nne tu, na hakuna kina cha bahari kinachofunga beti zote kama katika utenzi wetu. Sema "shairi simulizi la beti 8 za mishororo minne", basi. Kwa mashairi huru, yasiyo na mizani wala vina, neno "mshororo" linabeba ahadi ambayo shairi halikuitoa, tumia "mstari".

Kama tafsiri yenyewe nayo itachapwa kwenye karatasi moja, pima upana kabla ya kupanga herufi. Maneno yetu ni marefu. Mshororo wa mizani 16 kwa herufi za pointi 14 hula takriban sentimita 9 hadi 10. Karatasi ikiwa nyembamba, kata baada ya ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, kisha utao, nusu ya pili, uanze chini yake ukiwa umeingizwa ndani kidogo. Ukikata popote pengine, msomaji atahesabu mishororo ambayo mtunzi hakuiweka. Katika shairi huru kila mkato ni wa mtunzi, kwa hiyo punguza herufi hadi pointi 12 au tafuta karatasi pana zaidi. Usikate.

Na zile tarakimu za penseli chini ya karatasi za siku hizi, 12/100, zisomwe "nakala ya 12 kati ya 100". "12 ya 100" haieleweki, na "toleo la 12" ni kosa kubwa zaidi, maana toleo ni lile zima la nakala 100. Jina la mtunzi lililo kando yake liandike "imetiwa saini na mtunzi". "Sahihi" pia ni Kiswahili safi kwa maana hiyo, lakini "nakala sahihi" itasomwa kama nakala isiyo na makosa.