Viburnamu inachanua lakini haizai

Dada, umesema kichaka chako cha viburnamu huko Pennsylvania kinajaa maua meupe lakini hakizai. Kinakosa mwenzake. Viburnamu hazijichavushi vizuri, na ukiongeza mche wa jina lilelile la kitalu, hiyo ni pacha wake tu, haisaidii. Kama chako ni aina iitwayo Viburnum dentatum, tafuta mche mwingine wa aina hiyo uliooteshwa kwa mbegu, uupande jirani. Nyuki watafanya kazi. Utapata matunda ya buluu iliyokolea ambayo ndege huyapenda sana.

Tafadhali usikipogoe wakati wa baridi, machipukizi ya maua yameshajifunga matawini. Ila ukiona kitawi chenye mstari wa vishimo vilivyozibwa, kikate na ukiangamize: ni mayai ya mbawakawa anayetafuna majani yakabaki mishipa tu.