Barua zenu kuhusu Kijerumani, na Mtoro wa Dunda

Tangu nitaje hapa kwamba shahada yangu ya kwanza niliisomea Ujerumani, katika idara ya lugha za Kijerumaniki, barua za wasomaji wa hapa Bagamoyo hazijakatika. Leo nazijibu tano.

Shikamoo mwalimu. Hiyo idara wanafundisha Kijerumani peke yake? Na kuna nini cha kusoma miaka mitatu katika lugha moja? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Nianjema)

Marahaba mwanangu. Kijerumani kina ndugu wengi: Kiingereza, Kiholanzi, Kiswidi, Kidenishi, Kinorwe, Kiaislandi, Kiafrikaans cha Afrika Kusini, Kiyidi. Huo ndio ukoo wa Kijerumaniki. Idara niliyosoma mimi ilishika zaidi Kijerumani chenyewe, na kazi iligawanyika mara tatu: isimu, fasihi ya karne za karibuni, na lugha ya zamani. Hiyo ya tatu ndiyo iliyotutoa jasho. Unapewa utenzi wa mnamo mwaka 1200, na Mjerumani uliyeketi naye dawati moja anafungua kamusi kama wewe.

Lakini hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Chukua neno "maji". Mwingereza na Mholanzi wote wanaandika water, Mjerumani Wasser. "Kula": eat, eten, essen. "Meli": ship, schip, Schiff. Penye t ya ndugu zake Mjerumani ametia s, penye p ametia f, tena kwa utaratibu. Jacob Grimm alizipanga kanuni za mabadiliko ya namna hii katika sarufi yake ya 1822. Niliposikia somo hilo nilimkumbuka bibi yangu Mzaramo. Sisi tunasema mtu, yeye alikuwa akisema munhu, na Mzulu husema umuntu. Nyumbani tulidhani bibi anasema Kiswahili kibovu. Kumbe alikuwa na lugha yake kamili, ndugu wa Kiswahili, yenye kanuni zake za sauti. Mwaka 1899 Mjerumani mwingine, Carl Meinhof, alichapisha kitabu kilichozipima lugha za Kibantu kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo mwanangu, miaka mitatu haitoshi.

Ni kweli neno "shule" ni la Kijerumani? (Msomaji, Kisutu)

Kweli. Ni Schule. Vuka bahari uende Unguja, utasikia wenzetu wakisema skuli, kwa sababu wao walitawaliwa na Mwingereza. Hela nayo ni Heller, sarafu iliyoletwa 1904, mia moja kwa rupia moja. Kabla ya hapo rupia ilikuwa na pesa 64.

Mwalimu, Boma la Wajerumani tunalipita kila siku. Watu hawa waliwanyonga wazee wetu. Kwa nini binti yangu akasome lugha yao? (Baba wa watoto watatu, Magomeni)

Kaka yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na sitaki kukujibu kwa maneno laini. Unayosema ni kweli. Mji wetu ndio uliokuwa makao makuu yao ya kwanza, kabla hawajahamia Dar es Salaam 1891. Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi yao, walimnyonga Pangani, Desemba 1889.

Sasa nikuulize: waliyoyatenda waliyaandika kwa lugha gani? Majalada ya serikali ile yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwa Kijerumani. Mengi yameandikwa kwa mkono, kwa hati ya wakati ule ambayo hata kijana wa Kijerumani wa leo haisomi mpaka afundishwe. Sisi tulifundishwa idarani, wiki kwa wiki, herufi kwa herufi; e yao inafanana na n mpaka macho yanauma. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa katika Vita vya Maji Maji, mbele ya wajukuu wa Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa 1906. Familia hiyo inatafuta fuvu la mzee wao. Mafuvu ya watu wetu yaliyochukuliwa yamo katika makumbusho za huko, na orodha na lebo zake ni za Kijerumani. Mimi nataka anayezisoma awe mtu wetu, asiyengoja kutafsiriwa habari za babu yake.

Wala binti yako hatakuwa wa kwanza kutoka hapa kuingia darasa la lugha huko. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Mwaka 1903 Carl Velten, aliyefanya naye kazi, alitoa kitabu huko Göttingen, "Desturi za Wasuaheli". Nilikishika maktabani katika muhula wangu wa pili. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya majani makavu ya mwembe. Ukurasa wa mbele una jina la Velten. La Mtoro unalikuta katika dibaji. Nikafungua ndani, na mle ndani ni pwani hii: uzazi, jando, harusi, ngoma, kwa Kiswahili ambacho mzee wa Kaole angekisikiliza bila kuuliza neno.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakaja pamoja, na Dar es Salaam serikali ya kikoloni ikamkatalia mkewe kushuka melini. Walirudi Ujerumani, na huko Mtoro akafa, Berlin, 1927. Dunda hakurudi tena.

Katika semina tulipofika kwenye kitabu hicho, mhadhiri alisema "kitabu cha Velten". Nilinyoosha mkono nikasema mwenye maneno yake ni mtu wa kwetu, nikamtaja kwa jina lake lote. Akaniomba nilirudie polepole. Kisha akaliandika ubaoni, juu ya jina la Velten, na semina zote zilizofuata kitabu tulikiita kwa majina mawili. Mpeleke binti, kaka. Ila kwanza mpeleke Dunda umsimulie.

Maisha ya huko idarani yakoje? Naogopa upweke. (Binti wa Kaole)

Upweke upo, hasa Novemba, jua linapozama saa kumi na nusu. Lakini idara ina watu wake. Kuna chama cha wanafunzi wa idara kinachowapokea wageni Oktoba, muhula unapoanza, na hicho usikikwepe.

Mengine utayazoea. Ratiba ikiandikwa saa nne na herufi c.t., mhadhara unaanza saa nne na robo; ikiwa s.t., ni saa nne kamili. Mhadhiri unamwita kwa jina la ukoo na kwa Sie, ile "wewe" yao ya heshima; mwenzako wa darasani ni du, "wewe" ya kawaida. Shikamoo hakuna, na mimi iliniuma muda mrefu kumpita mzee wa miaka sabini kwa "siku njema" tu. Mhadhara ukiisha hawapigi makofi. Wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, ukumbi mzima.

Kila mwisho wa muhula tulikuwa na usiku wa kusoma mashairi, kila mtu kwa lugha yake. Nilighani beti za utenzi. Hawakuelewa neno, lakini kufikia ubeti wa tatu niliwaona wawili wakihesabu mizani kwa vidole: nane, nane, nane, nane. Kina cha mwisho kilipojirudia ubeti kwa ubeti wakawa wanakingoja. Nilipomaliza, meza ziligongwa, na mara hiyo zilikuwa zangu.

Nianzie wapi, na gharama? (Kijana, Majengo)

Anzia Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, Dar es Salaam. Ngazi ni sita, A1 mpaka C2, na kwa masomo ya fasihi lenga C1. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, bali mchango wa muhula tu. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Mzigo mkubwa ni viza: kwa kawaida huna budi kuonyesha fedha za kujikimu mwaka mzima katika akaunti maalumu, na kuanzia 2024 kiwango ni euro 11,904. Ndiyo maana watu huomba mapema ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi. Ukitaka karibu na nyumbani, Kijerumani kinafundishwa Makerere, Uganda, na Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kenya.

Ukifaulu A1 njoo kwangu. Nina kamusi mbili, moja nitakuazima.